Ganda Zima, Nyama Imekwisha

Msibani huwa tunasema maneno mengi, na mengi hatuyapimi. Mojawapo ni hili: "Jipe moyo, haya yanakuimarisha." Tunamwambia mjane, tunamwambia kijana aliyefeli, tunamwambia mkulima ambaye mvua imekatika mtama wake ukiwa umefika magotini. Mimi pia nimelisema mara nyingi, nikiwa mzee wa kanisa, nimesimama mbele ya watu na Biblia mkononi. Msingi wake tunauchukua kwa Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 5, anapoeleza kwamba taabu za mwamini haziendi bure bali zinamfikisha kwenye tumaini. Siku hizi nalisita neno hilo. Sijaacha kumwamini Paulo. Nimeanza kuogopa namna tunavyomtumia, na walionifanya niogope ni wawili: dada yangu mkubwa, na mnyama mmoja wa baharini ambaye sijawahi kumwona.

Nianze na baharini, ingawa sisi wa Ulemo tuko mbali nayo. Kwa barabara, kutoka hapa kwetu Iramba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 700, na wako wazee wenzangu watakaozikwa bila kuionja ile chumvi. Hata hivyo bahari ilitufikia zamani. Kauri zilipandishwa bara na misafara, zikashonwa kwenye mikufu na kufungwa kwenye mavazi ya waganga. Kwa majirani zetu wa Unyamwezi, kipande cha duara kilichokatwa kwenye ganda la konokono wa baharini kilikuwa alama ya utemi. Watu ambao hawakuijua bahari walivaa ganda lake kama heshima. Mnyama aliyelijenga hakuna aliyemwuliza habari zake, maana alikwisha kufa siku nyingi.

Ganda lile ni chokaa. Ni kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai la kuku wetu wa Singida, na kwenye matumbawe yaliyojengea misikiti ya kale ya Kilwa. Nilipokuwa nafundisha sayansi shule ya msingi, tulikuwa tunaweka yai zima kwenye glasi ya siki. Muda si muda linaanza kutoa mapovu, na kesho yake ganda limekwisha, limebaki yai laini lililoshikwa na ngozi tu, ukiliinua linatetemeka. Watoto walipiga kelele kwa furaha. Mapovu yale ni hewa ya ukaa, inayotoka kwa sababu chokaa inaliwa na tindikali.

Baharini jambo hili linakwenda kinyumenyume na polepole sana. Tunapochoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na misitu, hewa ya ukaa hupanda angani. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Zingekuwa nyingi zaidi kama bahari isingekuwa inameza karibu robo ya tunayoitoa kila mwaka. Bahari inatubebea mzigo, na inaubeba kimyakimya. Lakini hewa ya ukaa ikiingia majini huzaa tindikali hafifu, ileile inayowasha ulimi katika soda. Tindikali hiyo huachia chembe za hidrojeni, nazo huishika kaboneti iliyomo majini, ambayo wanyama wa magamba huihitaji kwa kujengea chokaa yao. Ni kama fundi aliyeletewa mchanga na maji, lakini saruji inaibwa usiku.

Nisieleweke vibaya: bahari haijawa siki, wala haielekei kuwa siki. Bado iko upande wa magadi. Kipimo chake cha uchachu kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1, na mtu asiyejua kipimo hiki atacheka. Asicheke, kwa maana kila namba moja katika kipimo hiki ni mara kumi, na huko kushuka kidogo kunamaanisha chembe za hidrojeni zimeongezeka kwa karibu asilimia 30.

Sasa, wanyama wanafanya nini? Nilidhani jibu ni moja: magamba yanayeyuka, basi. Wako ambao kweli yanayeyuka. Katika bahari ya kusini, karibu na Antaktika, kuna konokono wadogo wanaoogelea kwa mabawa laini, na mwaka 2008 walivuliwa wakiwa hai huku magamba yao yamekwisha kuanza kuliwa. Lakini mwaka 2009 mtafiti Justin Ries na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa aina 18 za viumbe wajenzi wa chokaa, wakiwafuga katika maji yenye viwango mbalimbali vya hewa ya ukaa. Aina 10 zilijenga kidogo zaidi kadiri hewa hiyo ilivyozidi. Kome wa buluu hawakuonyesha badiliko. Na wengine, hasa kaa, kamba na kamba kochi, walijenga gamba zaidi! Maji yaleyale, na kaa anatoka na siraha nene kuliko aliyoingia nayo.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu niliwakumbuka ndugu zetu fulani wa ushuhuda. Kila usharika una kaa wake. Alifilisika, akaugua, akakimbiwa, na leo anasimama madhabahuni kifua mbele na kusema, "Nilipita katika moto, na moto umenifanya nilivyo." Ninamwamini, maana kaa hadanganyi. Lakini yeye akikaa, tunageuka kumtazama chaza kwenye benchi la nyuma na kujiuliza kwa nini imani yake haijakomaa. Ushuhuda wa kaa ni kweli kuhusu kaa. Na tusisahau kwamba kaa hula chaza.

Lakini aliyenisumbua zaidi si kaa.

Kuna mnyama wa jamii ya kiti cha pweza, mwenye kiwiliwili kidogo na mikono mitano mirefu, myembamba kama uzi. Hujifukia kwenye tope la chini ya bahari na kuinua mikono kidogo juu ya tope ili kukamata chakula. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, walimweka katika maji yaliyoongezwa hewa ya ukaa kwa siku 40, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2008. (Hesabu hiyo ya siku, msomaji wa Biblia ataitambua, lakini sidhani kama wao waliifikiria.) Walitarajia chokaa ya mifupa yake ipungue. Haikupungua. Mnyama yule aliongeza bidii, akajenga chokaa zaidi kuliko wenzake walioachwa katika maji ya kawaida. Kama wangeishia hapo wangeandika kwamba dhiki imemwimarisha. Kwa bahati nzuri walipasua mikono na kutazama ndani, wakakuta misuli imepungua. Alikuwa amejila mwenyewe ili mifupa yake isimame. Ukimtazama kwa nje alikuwa mzima. Lakini misuli hiyo ndiyo inayomwinulia mikono ale na kumpitishia maji shimoni mwake apumue.

Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemwona mnyama huyo. Nilikuwa nimemwita mbele ya usharika na kumpigia makofi.

Dada yangu alifiwa na mume akiwa na watoto wanne, mdogo hajaanza shule. Hakutetereka, ndivyo tulivyosema. Kwaya hakuacha. Zamu ya kufagia kanisa siku ya Jumamosi hakukosa. Na kila Jumapili ya mavuno alileta debe moja la mtama, lililojaa hadi mdomo, hata mwaka ule ambao wengi wetu tulileta kisado na visingizio. Mwaka huo nilimsimamisha. Nilisema, tazameni mjane huyu, tazameni imani inavyofanya kazi. Watu walipiga vigelegele. Yeye aliinama, nasi tukasema ni unyenyekevu.

Miezi michache baadaye alianguka akichota maji. Muuguzi alimfunua kope, akatazama viganja, akaniuliza huyu mtu anakula nini. Sikujua. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, nyumba zetu zinaonana, na sikujua. Damu ilikuwa imekwisha mwilini, si kwa mwezi mmoja wala miwili. Nilipokwenda nyumbani kwake kuwatazama watoto nilifungua kihenge. Kilikuwa kimefagiliwa. Debe lile la mavuno lilikuwa la mwisho.

Alipopata nguvu ya kusema nilimwuliza kwa ukali, maana aibu yangu ilijigeuza hasira, kwa nini hakuniambia. Alisema, "Kaka, mlikuwa mnanipigia makofi. Ningesemaje nina njaa?"

Sitaki kumgeuza dada yangu kuwa hubiri, nimekwisha kumfanyia hivyo mara moja. Nasema tu kilichonipata mimi. Niliona kwamba sifa yangu haikuwa bure kwake, ilimgharimu. Nilimwongezea kazi ya kujenga ganda. Kabla ya siku ile alihitaji kuishi na kulea watoto; baada ya siku ile alihitaji pia kuwa mfano.

Mtu atasema: mwalimu, unalinganisha mambo yasiyolingana. Mnyama wa tope hana roho wala hana ahadi ya Mungu, hajui kwa nini anateseka, na mateso ya mtu wa Kristo ni kitu kingine. Nakubali nusu. Mimi pia sitaki kujifunza imani kutoka kwa mnyama asiye na kichwa. Lakini jambo ninalolichukua kwake ni dogo na halihitaji roho: kwamba huwezi kujua hali ya kiumbe kwa kutazama ganda lake. Hilo Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo kwa mfano wa kikombe kilichosafishwa nje. Sisi tumezoea kulisoma kama onyo juu ya wanafiki, ambao ndani yao kuna uovu. Hatujalisoma juu ya watu wema, ambao ndani yao kuna njaa.

Na Paulo je? Nimemrudia kwa makini. Kwanza, katika sura ile anasema habari zake na za wenzake walio katika taabu. Hasimami pembeni kuwaeleza wengine faida ya taabu yao. Pili, huyohuyo Paulo, anapowaandikia Wakorintho waraka wa pili, anafungua sura ya kwanza kwa kukiri kwamba huko Asia alilemewa kupita nguvu zake, hata akakata tamaa ya kuishi. Aliwaonyesha misuli yake. Hakuona kwamba kusema hivyo kunaharibu ushuhuda. Tatu, na hili ndilo lililonishika, mtu huyu aliyeandika habari za faida ya dhiki alipita Makedonia na Akaya akikusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakuwaandikia watu wa Yerusalemu kwamba njaa itawakomaza.

Hapo nakumbuka kome wa Kiel, Ujerumani. Pwani ile ya Baltiki ina maji ambayo kwa asili huwa na hewa ya ukaa nyingi mno kwa vipindi, na bado kome wamejaa. Watafiti walitaka kujua wanaishije. Waliona kwamba kome aliyepata chakula cha kutosha aliendelea kujenga ganda hata katika maji hayo. Kujenga kunahitaji nguvu, kwa kuwa inabidi azitoe zile chembe za hidrojeni mahali anapojengea, saa zote, kama mtu anayetoa maji ndani ya mtumbwi unaovuja. Akishiba anaweza. Kome aliyepata chakula kidogo ganda lake liliwaliwa kwa ndani, upande unaogusa mwili wake. Kwa hiyo maji ni yaleyale na aina ni ileile. Kinachotofautisha anayestahimili na asiyestahimili ni chakula. Ninajiuliza ni mara ngapi tumempima mtu imani wakati tulichokuwa tunapima ni akiba iliyobaki kihengeni.

Huko Marekani, jimbo la Oregon, katika ghuba ya Netarts, kuna kituo cha kuzalisha chaza wachanga kiitwacho Whiskey Creek. Kuanzia mwaka 2007 vitoto vya chaza vilianza kufa kwa mamilioni. Wenye kituo walidhani ni bakteria, wakanunua mitambo ya kusafisha maji, na vifo vikaendelea. Walitafuta ugonjwa ndani ya chaza, na chaza hawakuwa wagonjwa. Mwishoni, kwa msaada wa wanasayansi wa chuo kikuu, waligundua kwamba upepo ulipovuma kwa namna fulani ulisukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya kina kirefu, yenye ukaa mwingi, yakapanda na kuingia kwenye mabomba yao. Chaza mchanga hujenga ganda lake la kwanza katika siku mbili za mwanzo kwa kutumia akiba ya yai tu, kwa kuwa hajaweza kula. Akiba ikiisha kabla ganda halijakamilika, hakuna mtihani wa pili.

Walifanya nini? Waliweka magadi, ndiyo magadi. Si yale mabonge ambayo mama zetu wanatia kwenye mlenda, yao yamesafishwa kiwandani, lakini ni ukoo mmoja. Waliyapima, wakayatia kwenye maji kabla ya kuwaweka wale vitoto, na vitoto vikaishi. Hawakuchagua chaza wenye moyo mgumu wala hawakuwahubiria. Walirekebisha maji.

Sisemi kwamba kisa hicho kinatatua kila kitu. Magadi hutosha matangi, hayatoshi bahari. Maji yale ya kina yaligusa hewa mara ya mwisho miongo kadhaa iliyopita, kwa hiyo yalibeba moshi wa watu ambao wengine wamekwisha kufa, na moshi wetu utapanda juu wajukuu wetu wakiwa watu wazima. Huko Fumba, Unguja, wako akina mama waliojifunza kufuga chaza wa lulu, na vijiji vingi vya pwani wanawake husubiri maji kupwa ili waokote kombe na chaza kwa kitoweo. Hao hawana matangi. Kwao bahari yote ndiyo tangi.

Je, sisi wa Ulemo tuna deni kwao? Kwa hesabu ya moshi, deni letu ni dogo. Tunachoma mkaa, na tumekata miti zaidi ya tuliyopanda, hilo tulikiri. Lakini magari yetu yanahesabika, na malori mengi yanayonguruma barabara ya Singida kwenda Nzega si yetu. Nchi zilizoitia bahari ukaa zinajulikana na si hizi zetu. Hata hivyo naona swali la nani mwenye hatia, ambalo ni swali la haki na lazima liulizwe kwa wakubwa, haliwezi kuwa swali la mwisho kwa mkristo. Yule Msamaria hakumpiga mtu aliyelala njiani. Kama angesubiri hadi ijulikane aliyempiga, mafuta na divai yangebaki kwenye chupa. Kuhani na Mlawi nao hawakuwa na hatia ya kipigo, na hilo halikuwasaidia.

Vivyo hivyo mimi sikumuua shemeji yangu. Sikuizuia mvua. Dhiki ya dada yangu haikutoka mkononi mwangu, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo. Lakini nilikuwa na mtama.

Tangu wakati ule jumuiya yetu ina desturi ambayo hatukuitangaza kanisani. Kabla ya mavuno, wawili wawili tunatembeleana, na anayetembelea anaomba kuonyeshwa kihenge. Mwanzoni ilileta ugomvi, kwa maana kihenge ni siri ya mtu. Mzee mmoja alituambia wazi kwamba anayetaka kuona kihenge chake aanze na kuonyesha cha kwake, akawa amesema kweli, na ndivyo tunavyofanya sasa: anayetembelea hufungua chake kwanza. Wangu ulipofunguliwa niliona haya kwa sababu nyingine.

Dada yangu amerudi kwenye kwaya. Nguvu zake hazijarudi zote, na daktari alimwambia huenda zisirudi zote, kwa hiyo anaimba ameketi. Nilipomsimulia habari za yule mnyama wa mikono mitano alinisikiliza hadi mwisho, akiendelea kupeta mtama. Kisha akaniuliza hao waliompasua walijuaje kwamba watazame ndani. Nilimwambia ni kazi yao, wamezoea kutazama. Akasema, "Basi ninyi wazee wa kanisa kazi yenu ni ipi?" akamwaga makapi, akajaza ungo upya.